Tuzo Haianzi Siku ya Kujaza Fomu

Hotuba kwa waandishi chipukizi na vijana wa mitandaoni, Mombasa



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo moja: kijana wa Likoni, wa Lamu, wa Garissa au wa Isiolo ataingizaje kazi yake kwenye mashindano ya kitaifa ya waandishi wa habari za uchunguzi? Mashindano yanayojulikana sana hapa Kenya ni yale ya Baraza la Vyombo vya Habari, ambayo wengi wetu twayaita AJEA. Yalianza mwaka 2012. Sherehe zake huandaliwa karibu na tarehe 3 Mei, Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani. Siku hiyo chimbuko lake ni hapa hapa Afrika: tarehe 3 Mei 1991 waandishi wa bara hili walikutana Windhoek, Namibia, wakatoa azimio la kutaka magazeti huru. Umoja wa Mataifa ukaitangaza siku hiyo mwaka 1993.

Hiyo ndiyo historia kwa ufupi. Sasa tuje kwetu.

Nikiwauliza vijana mbona hawatumi kazi zao, nasikia majibu matatu. La kwanza: "Hizo ni za wakubwa wa Nairobi." La pili: "Kiingereza changu hakitoshi." La tatu ndilo zito: "Watu wapotea, mama zao walia, wewe waniambia habari za tuzo?" Nitayajibu yote matatu, na hilo la mwisho nitalikalia zaidi.

Hili la Nairobi kwanza. Mashindano haya yana vitengo vya magazeti, redio, televisheni na mtandao. Redio ndogo ya kijamii na kituo kikubwa vyote vyaweza kuingiza kazi. Ila lazima usome masharti ya mwaka wenyewe, kwa sababu hubadilika. Usimtegemee rafiki aliyeshiriki miaka mitatu iliyopita. Mara nyingi kazi inayotakiwa ni iliyotoka mwaka uliotangulia, katika chombo kinachotambulika, na mwandishi awe na kibali cha Baraza. Kwa hivyo wewe unayerekodi kwa simu na kuweka TikTok peke yako, nenda uongee na redio ya kijamii iliyo karibu nawe au gazeti la mtandaoni. Wape kazi yako waipitie na waitoe. Faida si ya mashindano tu. Utapata mhariri, na mhariri ni mtu wa kukuuliza "umejuaje?" kabla hujaulizwa na hakimu.

La lugha nalo tulimalize. Jicho Pevu ya KTN ilikuwa ya Kiswahili. Nchi nzima ilikaa mbele ya runinga kumtazama Mohammed Ali, kabla hajawa mbunge wa Nyali mwaka 2017. Kumbukeni Oktoba 2013, baada ya shambulizi la Westgate. KTN ilionyesha picha za kamera za ndani ya jengo lile, wanajeshi wakionekana wakitoka na mifuko. Inspekta Jenerali wa polisi wa wakati huo akatishia waandishi kukamatwa. Lakini picha ni ya kamera ya jengo, ina saa na tarehe. Utaitishia nini kamera? Pale lugha haikuwa na maana. Lililobeba habari ni ushahidi.

Sasa lile la tatu. Tuzo ina maana gani mtaani ambako kijana amechukuliwa usiku na watu wasiojitambulisha?

Nitasema hivi. Kombe lenyewe unaweza kuliweka juu ya kabati likapata vumbi. Ninachokitaka ni ile kazi ya kujiandaa. Fomu yauliza: ulifichua nini ambacho hakikujulikana? Ulijuaje? Nani alithibitisha? Uliyemlaumu alijibu nini? Kazi yako ilileta mabadiliko gani? Tazameni maswali hayo vizuri. Ndiyo hayo hayo atakayokuuliza wakili wa mtu uliyemtaja. Ndiyo atakayouliza afisa wa IPOA ukimpelekea malalamiko juu ya polisi. Ndiyo atakayouliza mzee wa mtaa ambaye hakupendi. Ukiweza kumjibu jaji wa tuzo, umeshaweza kuwajibu wote. Ukishindwa kumjibu, basi ulichonacho ni uvumi wenye picha nzuri.

Sisi watu wa Pwani tuna msemo, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Barazani ni sawa. Kwa mwandishi wa uchunguzi, lisemwalo ni pa kuanzia tu.

Kwa hivyo tuzo haianzi siku ya kujaza fomu. Yaanza siku ya kwanza unaposikia jambo, ukafungua faili. Hilo ndilo nililokuja kuwaambia leo. Mengine ni namna ya kulifanya.

Tuchukue mfano ambao kila mmoja hapa anaujua: basari. Tuseme wadi yako imetangaza kwamba wanafunzi kadhaa wamelipiwa karo, na wewe wajua nyumba tatu ambazo watoto wamefukuzwa shule na majina yao yamo kwenye orodha. Wengi wetu tungefanya nini? Tungechukua simu, tungemrekodi mama mmoja akilia, tungeandika "pesa zimeliwa", tungesambaza. Watu elfu kumi wataona. Kesho yake ofisi itasema mama yule ana chuki ya kisiasa, na habari imekufa. Mama amebaki na adui, na mtoto bado yuko nyumbani.

Sasa ifanye kwa faili. Andika tarehe ya leo na ulichosikia, na kwa nani. Tafuta orodha iliyobandikwa, uipige picha yote, si jina moja. Nenda shuleni uulize: je, hundi ilifika? Ya lini? Ya kiasi gani? Omba stakabadhi. Soma ripoti za Msimamizi wa Bajeti juu ya kaunti yako. Soma za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Ni za umma na ziko mtandaoni, ila ni ndefu na hazina muziki, ndiyo maana hatuzisomi. Kama kuna kampuni imelipwa, lipia CR12 kwenye eCitizen uone wakurugenzi wake ni akina nani. Kama jambo ni la shamba, fanya sachi. Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji ujue mkubwa yeyote.

Na kama ofisi haitaki kukupa karatasi, iandikie barua. Hapa nataka mtulie mnisikilize, kwa sababu silaha hii tunayo na hatuitumii.

Katiba, kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kuitekeleza haki hiyo. Yasema hivi. Ombi lako ni la maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili kimo ndani ya sheria yenyewe. Sababu zako za kutaka habari haziathiri haki yako ya kuipata. Ombi lenyewe halilipiwi. Unaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala tu. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Yaweza kuongeza mara moja, isizidi siku 14. Ikinyamaza, sheria yahesabu kwamba imekukatalia, na una siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile tunayoiita Ombudsman, ile ambayo kaulimbiu yake ni hata mnyonge ana haki.

Sasa fikiria. Umeandika barua. Umepeleka nakala mbili, moja imegongwa muhuri wa kupokelewa na umerudi nayo. Siku 21 zimepita bila jibu. Hujashindwa. Kimya hicho kina tarehe na kina muhuri, nacho kinaingia kwenye faili. Utakapoandika "ofisi haikutujibu", hutakuwa unalalamika, utakuwa unatoa ushahidi.

Kuna kipande kingine cha sheria hiyo ambacho naomba kila mmoja akiweke moyoni. Ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, muda si siku 21. Ni saa 48. Iunganishe na kifungu cha 49 cha Katiba, kisemacho mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa saa hizo zikiangukia nje ya muda wa kazi wa mahakama, ndipo apelekwe siku ya mahakama inayofuata. Kijana amechukuliwa Jumatatu usiku. Familia yaenda kituo cha kwanza, yaambiwa hayupo. Kituo cha pili, hayupo. Mara nyingi hapo familia hukata tamaa, hukaa ikingoja. Wewe mwandishi, hakikisha familia imeandikisha OB kila kituo, na namba ya OB umeinakili. Andika nani alikuwa zamu, saa ngapi. Peleka ombi la maandishi la saa 48. Tafuta waliokuwepo alipochukuliwa, mmoja mmoja, si kwa pamoja, ili mmoja asimtie mwenzake maneno mdomoni. Uliza gari lilikuwa la rangi gani kabla wewe hujasema rangi. Duka la jirani lina kamera? Waombe wahifadhi picha leo hii, kwa sababu kamera nyingi hufuta zenyewe baada ya siku chache.

Ukiyafanya hayo, hata kama habari haitatoka mwaka huu, wakili wa familia ana pa kuanzia. Ndiyo maana nasema tuzo na haki hazigombani. Faili ni moja.

Mfano wa faili kama hiyo mnao hapa hapa Mombasa. Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikuwa ubavuni mwa mtaa, watoto wakawa wagonjwa. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, na mtoto wake mwenyewe akapatikana na madini ya risasi mwilini. Yeye si mwandishi wa habari, ni mama. Lakini angalieni alivyofanya: hakuishia kusema moshi unatuua. Vikatafutwa vipimo vya damu. Vikatafutwa vipimo vya udongo. Zikaandikwa barua kwa wahusika serikalini. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Kesi ya wakazi ikaamuliwa Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabuni miaka hiyo. Picha ya mtoto mgonjwa pekee isingevuka mahakama tatu. Karatasi za maabara zimevuka.

Nije kwenye jambo ambalo vijana wengi hawalipendi: kumpa nafasi uliyemlaumu. Kanuni za maadili za uandishi hapa nchini zalitaka hili, na hata zisingelitaka, akili yalitaka. Usimpigie simu saa moja kabla ya kutoa habari, halafu uandike "hakupatikana". Mwandikie maswali, moja, mbili, tatu, umpe siku za kutosha, uhifadhi ulichotuma. Akijibu, weka jibu lake lote la maana, hata likikuumiza. Mara nyingine jibu lake litakuonyesha kwamba ulielewa vibaya, na hapo amekuokoa. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilifuta kosa la jinai la kukashifu, kwa hivyo hutafungwa kwa kosa hilo. Lakini kesi ya madai ya kuchafua jina ingalipo, na mtu ana miezi 12 ya kukushtaki. Basi usifute rekodi zako baada ya kuchapisha. Weka nakala mahali pawili, na moja isiwe kwenye simu unayotembea nayo.

Jengine, ndugu zangu wa mashinani. Akija mwandishi kutoka kituo kikubwa, ukampeleka nyumba kwa nyumba, ukamtafsiria, ukamwonyesha njia ya kutoroka akifukuzwa, ongea naye mapema kuhusu jina lako. Si siku ya sherehe. Siku ya kwanza, kwa maandishi, hata kwa WhatsApp: "Kazi hii tunaifanya pamoja na jina langu litakuwemo." Wengi wetu tumeangalia kazi zetu zikipewa makofi na majina yetu hayako hata mwishoni kwa maandishi madogo. Nanyi mkiwa ndio wakubwa, msimfanyie hivyo aliyewashikia kamera.

Sasa fomu yenyewe. Mashindano mengi hutaka muhtasari mfupi wa kazi. Usianze na historia ya maisha yako wala ugumu wa kazi ya uandishi. Sentensi ya kwanza iseme ulifichua nini. Ya pili iseme kwa ushahidi gani. Halafu ueleze kizuizi kimoja au viwili vikubwa na ulivyovivuka. Halafu matokeo. Hapo kwenye matokeo, kuwa mkweli hadi senti ya mwisho. Kama kilichotokea ni kwamba mkuu wa ofisi aliitisha mkutano tu, andika aliitisha mkutano. Usiseme sera ilibadilika. Jaji anaweza kupiga simu. Na kama hakuna kilichobadilika bado, sema kazi ilianika nini na ni nani sasa hawezi kusema hakujua. Angalia kiungo chako kinafunguka. Angalia sauti inasikika. Kama kazi ni ya Kiswahili na fomu yataka maelezo kwa Kiingereza, mtafute mwalimu au rafiki akusaidie, lakini asikubadilishie maana. Tuma siku mbili kabla ya mwisho, si saa tano na nusu usiku ya siku yenyewe ukipigana na intaneti.

Lakini kabla hujabonyeza "tuma", kuna kikao kimoja umebakisha, na nakuomba usikiruke.

Rudi kwa mama yule. Yule aliyekueleza mwanawe alivyochukuliwa, au binti aliyekubali kusema bila uso wake kuonekana. Alikubali kwa ajili ya habari ile, siku ile. Hakukubali kazi ionyeshwe ukumbini, ikatwe vipande, iwekwe kwenye mabango na kusambazwa upya mwaka mmoja baadaye. Pengine hali yake imebadilika. Pengine kesi iko mahakamani na wakili amemwambia anyamaze. Pengine aliyemtishia amehamishiwa kituo cha karibu naye. Kaa naye umweleze: nataka kuiingiza kazi hii kwenye mashindano, ikishinda itaonekana na watu wengi zaidi, wasemaje? Akisema hapana, ni hapana. Hata kama ndiyo kazi bora uliyowahi kuifanya.

Na ukiambatanisha ushahidi kwa ajili ya majaji, usiambatanishe jina uliloahidi kulificha. Chunguza picha, chunguza jina la faili, chunguza barua ulizozipiga picha. Ficha namba za simu. Wako vijana makini wa kuficha uso kwenye video, halafu jina likatoka kwenye kiambatisho. Ahadi uliyompa mtu wako haina mwisho wa mwaka kama mashindano.

Na ukishinda, rudi mtaani. Mpeleke mhariri wako, mpeleke aliyeshika kamera, kaeni na familia ile muwaambie lililotokea. Usipochaguliwa, faili bado unayo. Iangalie upya, uone jaji angekwama wapi, uendelee.

Nimalizie kwa kazi, maana tukiondoka bila kazi tumepiga domo. Leo usiku kila mmoja afungue daftari au folda moja, aandike jambo moja la mtaani kwake ambalo watu walisema na hakuna aliyelithibitisha. Wiki hii aandike barua moja ya kuomba habari, kwa Kiswahili, aipeleke ofisini na arudi na nakala yenye muhuri. Siku ya 22 tukutane hapa hapa, kila mtu na alichopata, hata kama alichopata ni kimya.

Sasa nipo kwa maswali, na naomba tuanze na dada zetu waliokaa nyuma. Wassalaam alaykum.